Picha ya Wanawake wa Nyakabere

Mwaka wa 1956 Bernardine alikuwa anamaliza masomo ya ualimu kwa masera, watawa wa misheni, juu kidogo ya mji wa Uvira. Kilichobaki ni somo la majaribio mbele ya watoto wa darasa la tatu. Akifaulu, angepata cheti na kufundisha shule ya Rugenge pamoja na Charlotte, rafiki yake tangu mwaka wa kwanza. Walikuwa wamekwisha kuchagua hata nyumba, ya chumba kimoja, mlango wake ukitazama ziwa.

Desturi ya shule ilikuwa hivi: mmoja akifundisha, wenzake hukaa benchi la nyuma, na watoto wakiisha kutoka, kila mmoja husimama na kutaja kosa aliloliona. Hakuna aliyeruhusiwa kusema hakuona kosa. Kwa hiyo wasichana walipatana mapema. Charlotte aliahidi kusema kwamba sauti ya Bernardine ilikuwa ndogo.

Watoto walisomeshwa gazeti la misheni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya wanawake waliobeba pamba, na chini yake maneno: wanawake wa Nyakabere wafurahia mavuno. Bernardine alizaliwa Nyakabere, kijiji cha bondeni. Watoto waliposoma mpaka mwisho, aliinua picha, akawauliza mama zao wa bondeni hubebea mzigo wapi.

"Kwa kichwa," walisema.

Na hawa je? Wakasogea kutazama. Wale wanawake walibeba vikapu mgongoni, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, kama wabebavyo watu wa milimani. Darasa likacheka. Mtoto mmoja akauliza kama gazeti linadanganya. Bernardine akajibu kwamba hajui. Huenda aliyeandika hakuwapo picha ilipopigwa, na msomaji afadhali ajiulize hayo.

Watoto walipotoka, Marie-Rose alisimama akasema chaki ililia sana ubaoni. Charlotte akafuata. Alimtazama kidogo Masera Élisabeth, aliyesimamia mafunzo, kisha akatazama sakafu.

"Mwenzangu amefundisha watoto wasiamini gazeti la misheni."

Masera aliagiza somo lirudiwe kesho yake, na watoto waambiwe kwamba picha ni ya Nyakabere.

Jioni, wakifua nguo, Charlotte ndiye aliyeanza kusema.

"Weye unaninunia. Minye ningesema sauti, Masera angeniuliza macho yangu iko wapi."

"Iko wapi?"

Charlotte alikamua shati muda mrefu. "Sema tu ni Nyakabere, Berna. Neno moja, tunaenda Rugenge."

Kesho yake Bernardine alifundisha vizuri. Alipofika kwenye picha alisema, "Gazeti linasema hawa ni wanawake wa Nyakabere." Kutoka nyuma Masera alimwomba arudie bila kutaja gazeti. Watoto walingoja. Bernardine akalikunja gazeti, akaliweka mezani.

Cheti hakupata. Alipelekwa kuwa msaidizi katika shule ya nyasi huko Nyakabere, kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Ile nyumba ya Rugenge Charlotte aliipanga na Marie-Rose. Bernardine alikwenda kuwaona mara moja, siku ya sikukuu. Walimpa chai katika kikombe cha wageni, wakazungumza juu ya bei ya vitenge, na hakuna aliyemwambia abaki. Hakurudi tena.

Kijijini wasichana wa rika lake walikuwa wameolewa. Walimsalimu kwa heshima, wakapita. Kazi haikumchosha, kilichomchosha ni kwamba hakuna aliyembishia. Chochote alichosema, watoto walikiitikia kwa pamoja. Siku moja, kwa makusudi, akawaambia kinyume cha ukweli, kwamba mto Ruzizi hutoka ziwa hili la Uvira na kupanda kaskazini. Wakaitikia. Akaandika ubaoni, wakaitikia tena.

Akawauliza ni nani aliyepeleka ng'ombe mtoni asubuhi ile. Msichana aitwaye Nkeshimana akasimama.

"Maji yalikuwa yanakwenda upande gani?"

"Ilikuwa inashuka kwa ziwa." Mtoto alitazama ubao, akaona haya. "Lakini Mwalimu amesema."

Bernardine alimwambia arudie yale maneno ya kwanza tu. Nkeshimana akayarudia polepole, akiwageukia wenzake. Safari hii hakuna aliyeitikia pamoja naye; walitazama ubao, kisha wakamtazama yeye.