Saa Moja ya Kwenda Nairobi

Simu ya Ami, mdogo wake baba, ilinikuta Nateete, hapa Kampala, kabla sijafungua duka. Shangazi amefariki Nairobi. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, kwa hiyo Ami hakuzungusha maneno.

"Tunazika baada ya Adhuhuri. Utafika?"

Mimi nauza vitambaa. Sijawahi kukubali bei ya kwanza, hata msibani.

"Ami, nipeni mpaka Magharibi."

"Maiti hawekwi kama mzigo wa forodhani, mwanangu. Adhuhuri."

"Lakini kwa ndege ni saa moja tu."

"Saa moja? Basi Adhuhuri yakutosha."

Nikawa nimejinasa mwenyewe. Tulivutana, mwisho tukakutana katikati: Alasiri. Nilikata simu nikijiona nimepata faida, maana Magharibi sikuihitaji. Niliitaja ili nipewe Alasiri.

Kisha nikapiga hesabu. Saa moja. Huwa nahesabu kila kitu mara mbili, na siku hiyo mara zote mbili nilihesabu anga peke yake. Ndege haipandiwi Nateete. Inapandiwa Entebbe, na katikati palikuwa na lori limelala ubavu barabarani, na dereva wangu wa kukodi akinituliza, "Ssebo, bwana wangu, Entebbe si mbali." Hakusema uongo. Mbali haikuwa, haikufikika tu.

Uwanjani nilivua mkanda, nikavua viatu, nikaambiwa niketi. Wakatangaza kwamba ndege itachelewa kidogo. Neno hilo nalitumia dukani kutwa, punguza kidogo, ongeza kidogo, na najua halina kipimo.

Tulipopaa, rubani alitusomea umbali na muda wa safari kwa fahari kabisa: saa moja na dakika chache. Ilikuwa kweli tupu. Jirani yangu hakumaliza hata soda yake. Nairobi nikaingia foleni ya paspoti, halafu foleni ya magari, ambayo haina hata dirisha la kulalamikia.

Nilifika makaburini watu wanatoka, wananipa mkono wa pole bila kusimama. Ami alikuwa amebaki peke yake kando ya kaburi, kanzu imeshika udongo mpaka magotini.

"Tulikungoja mpaka Alasiri, kama tulivyopatana," alisema. "Imeingia bila wewe."

"Ndege ilikwenda vizuri, Ami. Saa moja."

"Na zile nyingine ulikuwa wapi?"

Nilitazama lile tuta. Mikono yangu ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoniuma. Ami akanisogezea debe kwa mguu.

"Udongo haungeweza kungoja. Maji nimekubakizia."

Nikayamimina taratibu juu ya kaburi, kuanzia kichwani hadi miguuni. Yalipokwisha nikauliza bomba liko wapi, nimwongezee debe jingine. Ami akasema yametosha. Sikubishana.