Nyumba Iliyoijibu Redio

Binti wa mdogo wangu alinijia kutoka Lubumbashi na simu mbili na maneno mengi. Anataka kuninunulia kitu cha kusikilizia stesheni za nje, na yeye na mumewe wamegombana njia nzima. Mume anataka redio ya dijitali, ile inayodaka sauti safi kutoka hewani bila kukwaruza. Yeye anasema, tantini, redio ya nini siku hizi? Weka mega kwenye simu, Paris na London zote zinaingia kwa internet kama vile mtu amekaa chumbani mwako.

Akaniuliza nachagua ipi. Nikamuuliza na mimi: kati ya hizo mbili, ipi mtu akiisikiliza hakuna anayejua? Akacheka. Akasema internet inajua namba yako, inajua uko wapi, inajua ulisikiliza nini na ukaacha wapi. Na hiyo ya dijitali? Hiyo haijui kitu, akasema, inapokea tu, lakini hapa kwetu Kamina haijafika. Basi, nikamwambia, niletee hiyo ambayo haijafika.

Alifikiri natania. Mimi kwa mambo ya redio sina utani. Yeye alizaliwa vita vimekwisha, hajui kwamba hata kitu kinachopokea tu, kisicho na mdomo wala namba, kinaweza kumponza mtu. Sisi kidogo kituulie baba.

Ilikuwa miaka ya tisini inaishia, vita vya pili. Vya kwanza vilitupitia haraka: askari wa zamani walikimbia, wapya wakaingia kwa miguu, nasi tukajifunza kusema afande. Vya pili vilikaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, naishi na baba na mama yake katika mtaa wa watu wa reli. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba alikuwa karani kituoni, Mmethodisti wa kupiga suruali pasi hata siku ambayo treni haiji, na treni zilikuwa haziji, ila za jeshi. Za jeshi zilishusha majeruhi kutoka mabehewa ya mizigo, naye alirudi nyumbani bila kusema alichokiona.

Redio ya taifa ilikuwa inapiga muziki. Ikiacha muziki inasema adui anarudi nyuma, na kila adui aliporudi nyuma, watu wa Kabongo, kaskazini yetu, waliingia kwetu na magodoro kichwani. Kwa hiyo tulisikiliza nje. Jioni kulikuwa na matangazo ya Kiswahili kutoka Ulaya, kwenye mawimbi mafupi, na baba alikuwa na redio ndogo nyeusi iliyovunjika antena. Alichomoa waya wa shaba kwenye mota mbovu, akaufunga kwenye redio, akaupitisha dirishani mpaka juu ya mti wa avoka. Hapo ilishika. Ilikuwa inakwaruza, inapotea, inarudi, nawe unasogeza mshale kwa ncha ya kidole kama unamtoa mtoto mwiba.

Nilikuwa naogopa kila jioni, nisidanganye. Hakukuwa na tangazo lililobandikwa popote kusema ni marufuku kusikiliza nje. Lingekuwepo ingekuwa nafuu, ungejua mpaka uko wapi. Kilichokatazwa waziwazi kilikuwa foni, zile redio kubwa za wamisionari na wafanyabiashara, ambazo mtu wa Kamina anasema na mtu wa Kaniama anajibu. Jeshi lilizikusanya zote, na aliyekutwa ameficha foni alihesabiwa kuwa anamwita adui. Redio ya baba haikuwa foni. Lakini waya juu ya mti unafanana na waya juu ya mti, na askari si fundi.

Na ndani ya nyumba tulikuwa na Nkambo. Ndivyo tunavyomwita bibi, kwa Kiluba. Nkambo alikuwa na masikio mazito, kwa hiyo redio ilibidi ifunguliwe sauti, hapo hapo mimi nakimbia kufunga dirisha ambalo waya haukuruhusu lifungwe. Hilo lilikuwa moja. La pili lilikuwa adabu yake. Nkambo alilelewa kwamba ukisalimiwa unajibu, uwe mgonjwa, uwe umenuna, uwe jikoni na moshi machoni. Kutojibu salamu, kwake, ni kumtangazia mtu kwamba amekufa.

Basi kila jioni mtangazaji aliposema, “Hamjambo wasikilizaji, popote mlipo,” Nkambo alikunja viganja, akavigonganisha taratibu kama tunavyomheshimu mkubwa, akaitika kwa Kiluba, ndiyo bwana, kisha akamuuliza habari za watoto, kwa sauti ya mtu asiyesikia:

“Eyo vidye. Shiye tuko bazima. Na weye? Bana bako?”

Mtangazaji naye, kwa mkosi wetu, alikuwa na tabia ya kupumua kidogo baada ya salamu, ndipo aseme, “Karibuni.” Nkambo akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha mwanaume yule anaanza kutaja miji na askari.

“Mama, hakusikii,” baba alimwambia siku moja.

“Kama hanisikii, anatusalimia juu ya nini?”

Baba akarudi kusogeza mshale. Mimi nilicheka, kwa sababu siku ile nilikuwa bado naweza kucheka.

Walikuja mchana, baba amerudi kula. Sikuwasikia wakibisha. Niliona tu waya unavutwa dirishani, redio ikaanguka mezani, na nilipotoka nje askari mmoja alikuwa chini ya mti anaukunja mkononi kama mtu anayekusanya kamba ya mbuzi. Wenzake walikuwa wameshaingia.

“Foni iko wapi?”

“Hakuna foni, afande,” baba akasema. “Kuna redio.”

“Jana tulipita nyuma ya nyumba. Mwanaume anasema, mwanamuke anajibu. Mwanaume anasema tena, anataja Kabalo, anataja askari. Munaongea na nani?”

Baba akaeleza. Nilimsikiliza akieleza, na ukweli ulisikika wa kijinga kuliko uongo wowote. Kwamba ni mama yake. Kwamba ni mzee. Kwamba anaijibu redio kwa heshima. Askari aliyeshika waya alimtazama baba kama anayemwonea haya. Kisha wakampa redio aibebe mwenyewe, wakamtoa bila viatu.

Nkambo alikuwa nyuma ya nyumba anaota jua. Alimwona akipita katikati ya askari, akauliza anaenda wapi.

“Kazini, mama,” baba akasema.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilipeleka bukari, ugali wetu, na maharage mpaka nyumba ambayo jeshi lilikuwa limeifanya ofisi. Karibu na lango nilisimama mara mbili nikitaka kurudi. Komanda wao hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mpole wa sauti, na upole ule ulinitisha kuliko makelele. Redio ya baba ilikuwa juu ya meza yake.

“Afande,” nikasema, “redio hii inasikia tu. Haisemi.”

“Nionyeshe kwamba haisemi.”

Hebu mtu anifundishe, mpaka leo, namna ya kumwonyesha mtu kitu ambacho hakipo. Niligeuza redio, nikamwonyesha mgongo wake, betri zake, nikamwambia foni huwa na mahali pa kusemea. Akasema mafundi wanajua kuficha. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kesho asubuhi kuna ndege ya wafungwa na baba yangu yumo. Watu waliopanda ndege ile kabla yake, hakuna nyumba iliyokuwa imepata habari zao.

“Unasema kuna bibi anaongea na redio,” akasema. “Mlete jioni hii, aongee nayo hapa mbele yangu. Nikiona inamjibu, wote wawili watapanda.”

Nilirudi nikitembea kama mgonjwa. Kilichoniponda si kumleta Nkambo. Ni kwamba nilimjua yule mtangazaji. Angesalimia, Nkambo angejibu, angepumua kidogo, angesema karibuni. Mbele ya komanda! Na ikiwa Nkambo ataogopa anyamaze, basi mimi na baba ni waongo, na mwanamke aliyesikika nyuma ya nyumba ni mwingine, tumemficha. Niligeuza jambo hili huku na huku, kila upande ulifika kwenye ndege ile ile.

Nkambo nilimwambia tu kwamba tunaenda kusikiliza redio na baba. Akavaa kitambaa cha kanisani. Nilimkalisha kwenye karia ya baiskeli, nikaisukuma. Watu wa mtaa wetu, waliozoea kunisimamisha kwa habari za shule, walikumbuka ghafla kazi zao za ndani. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningeingia ndani pia na kufunga mlango.

Baba alikuwa amekaa sakafuni, jicho moja limevimba mpaka limefunga. Nkambo alimkaribia sana ili amwone.

“Kazi gani inapiga muntu namna hii?”

Wakampa kiti. Waya ukafungwa kwenye nondo za dirisha, askari mmoja akapewa redio aitafute ile stesheni, naye hakuwa na kidole chepesi. Aliuzungusha mshale kama anafungua kopo. Ikaja kelele, ikaja lugha nisiyoijua, kelele tena, kipande cha muziki, kelele. Nilisema, “Taratibu, afande, rudi nyuma kidogo,” na komanda akanitazama kwa namna ambayo nilitamani ulimi wangu uanguke. Nimejuaje mahali pake hasa? Saa ya matangazo ilifika, ikapita.

Halafu sauti yake ikatoka katikati ya mikwaruzo, safi kabisa, kama hajafanya kosa lolote duniani. Alikuwa ameshaingia kwenye habari. Anasoma.

Komanda alimtazama Nkambo. Askari wote walimtazama Nkambo. Nkambo alikuwa ameweka mikono mapajani, anasikiliza.

“Jibu, Nkambo,” nikamwambia sikioni.

Akarekebisha kitambaa chake.

“Jibu kama unavyojibu nyumbani. Nakuomba.”

“Huyu mbona hasemi?” komanda akauliza. Hakuniuliza mimi, alimuuliza baba, na nikaona askari aliyesimama nyuma ya baba anasogea hatua moja. Nilimshika Nkambo mkono, nikamfinya. Nilimfinya kwa nguvu, mkono wa mzee.

Akauvuta mkono wake na kunigeukia. Nkambo akikasirika hajali ni nyumba ya nani.

“Nijibu nini? Hakusalimia.”

Mtangazaji akaendelea kusoma.

“Mutoto anaingia mu nyumba ya bantu, hasalimii, anaanza tu kusema bitu ya vita. Minyi hapana jibu muntu wa namna ile.”

Askari mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Komanda hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nkambo.

“Mama, huyu ni nani?”

“Ni mwana wa bantu. Anakuyaka kila mangaribi, anasalimiaka muzuri. Leo sijue iko na nini.”

“Umeshamwona?”

“Nimuone namna gani? Si iko mu redio.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kumwelewesha mtoto mzito wa kuelewa katika darasa la Jumapili kanisani. Komanda alibaki ameinama. Nilikuwa nasubiri neno lake, roho iko mkononi, lakini hakuwa anatutazama tena. Mtangazaji alikuwa amefika kwenye vita vyetu, akataja mji wa kaskazini, akasema umeangukia mikono mingine na mapigano yanaendelea. Komanda alisogeza kichwa kwenye redio. Nikaona uso ule ambao nilikuwa nauona nyumbani kila jioni, wa baba, wangu, uso wa mtu ambaye hajaambiwa kitu na wakubwa wake.

“Mchukueni mzee wenu,” akasema bila kugeuka. “Redio inabaki.”

Akaongeza sauti.

Tulitoka. Nilimpandisha Nkambo kwenye karia, nikashika usukani, baba akashika tandiko kwa upande mwingine maana nyayo zilikuwa zinamuuma. Sikugeuka nyuma. Kila hatua nilikuwa nangoja mtu atuite, au asituite, apige tu. Nilijua kilichotuokoa: kidole kizito cha askari mmoja na salamu iliyomezwa na mikwaruzo. Angeipata stesheni mapema kidogo, baba na Nkambo wangekuwa wa ndege.

Tulipofika karibu na reli, Nkambo akamgusa baba begani.

“Yule wa mu redio,” akasema. “Hapana sahauka salamu hata siku moja. Na yeye balimukamata?”

Baba akasimama. Hakuwa amelia nyumbani walipomchukua, hakuwa amelia mbele ya komanda. Aliegemea tandiko la baiskeli akalia pale pale njiani, watu wakipita. Nkambo alikuwa bado anangoja jibu, kwa hiyo nilijibu mimi. Nilimwambia hapana, Nkambo, yule yuko mbali sana, huko hawafiki.