Zipu ya Hema

Fundi cherehani alisifika kwa zipu, ila hema lake mwenyewe alilitia zipu kuukuu aliyoibandua kwenye begi bovu. "Mganga hajigangi," mkewe alimwambia siku ya safari ya kupanda mlima, naye akacheka.

Sasa kilele kiko pale juu, wao wawili wamo ndani ya hema, na zipu imekwama. Fundi aliivuta, akaipaka sabuni, akaibembeleza, mwisho akaitukana. Wapi! Upepo ulilitikisa hema, magoti yao yakagongana, na pumzi zao zikageuka matone yakawadondokea kichwani.

"Mkasi uko wapi?" fundi aliuliza, jasho jembamba likimtoka. "Nikate hili turubai. Nitalishona tukirudi."

Nyumbani, kila mkewe alipogusia habari ya mama wa fundi, aliyekuja kutembea akahamia moja kwa moja, fundi alikumbuka mteja anayemsubiri, akatoka mbio.

Mkewe akapapasa mfukoni, akautoa mkasi, akautazama, akaurudisha palepale.

"Ninao," alisema kwa upole. "Lakini huku hakuna mteja, mume wangu. Kaa vizuri, tuzungumze kwanza habari ya mama yako."