Aliwasindikiza Wageni, Wakamkatia Mpaka

Jembe linapanda, linashuka, na kila likishuka Dafrosa Kinunda anaguna. Kumepambazuka sasa hivi, ukungu haujatoka mtelemkoni, na mama huyu wa miaka hamsini na minne ameshachimba ngoro nne, yale mashimo ya Wamatengo yanayouzuia udongo usikimbie na mvua.

"Shikamoo mama," namwamkia, daftari mkononi.

"Marahaba. Kama umetumwa na Cuthbert, rudi ulikotoka."

Cuthbert ndiye diwani. Alipoomba kura aliwaahidi watu wa mlima huu daraja kwenye kijito cha Lukumba. "Mtavuka na viatu miguuni," alisema, wakampigia vigelegele. Zahanati iko ng'ambo. Hata wanunuzi binafsi wa kahawa, walioanza kuja na magari yao, huishia huko huko ng'ambo.

Masika yaliyopita, Bonifasia, mkwe wa Dafrosa, alishikwa na uchungu kijito kikiwa kimefurika. Walikaa ukingoni tangu asubuhi wakingoja maji yapungue. Mtoto akazaliwa pale pale kwenye matope. Hakulia.

"Nilimzika mjukuu wangu, nikanyamaza," anasema Dafrosa. "Nikajua Oktoba ya mwaka huu kuna uchaguzi, tena safari hii vyama ni vingi, Cuthbert hana pa kujificha. Kura yangu nilimwekea kama mtu anavyoweka fimbo nyuma ya mlango."

Uchaguzi upo, ila kura ya Dafrosa haimfikii tena Cuthbert.

Kiangazi, maofisa wawili walikuja kukata mipaka mipya ya kata. Huku Umatengo, ntambo, yaani kipande cha mlima cha ukoo mmoja, huishia kijitoni, na mgeni husindikizwa mpaka hapo. Dafrosa aliwapikia ugali na maharage, wakala wakashiba, akawasindikiza. Walipofika kwenye njia ya juu, mgongoni mwa mlima, kabla ya kuteremkia kijitoni, akasikia mbuzi wameingia kwenye kahawa aliyoianika. Akawaaga hapo hapo, akarudi mbio.

Kumbe maofisa wale walishaambiwa kuwa Mmatengo humsindikiza mgeni mpaka mwisho wa eneo lake. Aliposimama mama, nao wakaweka alama. Nyumba zote za ukoo zikatupwa kata mpya ya Kihulila. Kijito, pamoja na daraja lisilojengwa, vikabaki kwa Cuthbert.

"Niliwasindikiza, sikuwapimia!" anafoka, jembe limesimama hewani. "Hivi kata hii imekatwa na serikali au na mbuzi wangu?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, wakala, mwenyeji akaumia.

Cuthbert alipoulizwa sokoni alicheka tu. "Mama yule namheshimu sana. Lakini mimi nahudumia wapiga kura wangu." Kihulila nako wanasema kijito si chao, waulizwe wenye nacho. Ebo! Mtu azikwe kwa kukosa daraja, halafu wakubwa warushiane kijito kama mpira?

Bonifasia anapanda mlima taratibu, kibuyu cha togwa mkononi. Ana mimba tena, na atajifungua kabla ya Pasaka. Anamimina togwa, anampa mkwewe, kisha anakaa kwenye majani akishika kiuno. Huko chini Lukumba inanguruma, na mvua za Machi ndiyo kwanza zimekolea.

"Usiinue kitu kizito, mwanangu," Dafrosa anamwambia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inalainika.

Alhamisi ijayo maofisa wale wale wanarudi kusikiliza malalamiko. Dafrosa anasema hana barua wala hotuba.

"Nitawapikia tena, washibe. Kisha ukoo mzima tutawasindikiza, na safari hii sisimami njiani, hata mbuzi wakila kahawa yote." Anaelekeza jembe kule kwenye ngurumo. "Nitawafikisha mpaka majini kabisa, pale alipozaliwa mjukuu wangu. Tutawaaga vizuri, kwa heshima. Halafu wavuke."