Bomba Jekundu la Al-Safa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya Al-Malqa, Riyadh, tulikuwa watano mlangoni. Madam Huda, mwenye nyumba. Baba Nasser, mumewe, ndiye kafili wangu, yaani mdhamini aliyeshika karatasi zangu zote. Madam Amal, mdogo wake Huda, aliyekuja kuwatembelea kutoka Jeddah. Wafula wa Bungoma, dereva wao. Na mimi Rosa Nekesa wa Kitale, miaka arobaini na miwili, na darasa la nne tu kichwani.

Nyinyi mnaokwenda sasa mna simu za kuwafundisha. Sisi tulifundishwa na madereva. Wafula ndiye aliyenieleza mambo ya kiangazi. Tangi la maji liko juu ya paa, jua linalichemsha, na bomba la buluu linatoa maji ya kunyonyolea kuku. Kwa hiyo watu huzima hita, ambayo imo ndani ya nyumba kwenye ubaridi, wakaoga kwa bomba jekundu.

"Mama Rosa, huku jekundu ndilo baridi," aliniambia, ameinamia injini ya gari. "Usiulize, zoea tu."

"Na hilo gari lina nini?"

"Betri. Ina seli sita, moja imekufa. Hizo tano zinaomboleza."

Nilishtuka, maana seli niliyoijua ni ile ya polisi, alikolala kaka yangu Barasa kwa kuendesha baiskeli bila taa. Wafula alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Hata hii ni chumba, mama! Kachumba ka kuwekea moto."

Mwaka wa pili Madam Huda alinikabidhi kwa mdogo wake, mtaa wa Al-Safa, Jeddah, na ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ikahamishwa. Kazi yangu ikawa Lina, binti wa miaka sita.

"Ni dhaifu kidogo," Madam Amal aliniambia. "Asichoke. Halas," yaani basi, yameisha.

Joto la Jeddah lina jasho lake. Alasiri moja Lina alitoka kucheza amelowa chapachapa. Nikamhurumia, nikamwogesha kwa bomba jekundu, muda mrefu, naye anacheka. Kisha nikamkalisha mbele ya kiyoyozi. Kabla ya magharibi alikuwa analia, ameshika miguu: "Rosa, mifupa! Mifupa yangu!"

Hospitalini daktari aliuliza mtoto alifanya nini siku ile. Madam akanigeukia. Wajukuu zangu, nilijiona nimeshafungiwa seli kama Barasa, tena mlinzi wake haelewi hata Kiswahili. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini daktari aliuliza ili ajue la kutibu, na mtoto alikuwa anapiga mayowe.

Kulikuwa na nesi Mzanzibari, Bi Zuhura, aliyenisikia nikimwomba Mungu kwa Kiswahili. "Sema, bi mkubwa," akaninong'oneza. "Mie n'tafasiri."

"Nilimwogesha maji baridi. Ni mimi. Yeye hakuomba."

Daktari akaagiza mablanketi, dripu na dawa ya maumivu. Maumivu yalipoanza kupoa, Zuhura akanieleza. "Ana seli mundu. Damu ina viseli vidogo vidogo, mviringo. Vya huyu akipata baridi au kiu hujikunja kama mundu, vikanasa njiani."

Nimevuna mtama kwa mundu tangu utoto. Sikuhitaji picha.

Madam Amal alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. "Rosa, kwa nini umesema? Ungesema mafi, hakuna kitu, hujui chochote."

"Na wewe madam, kwa nini hukuniambia mtoto ni mgonjwa?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Nikangoja kufukuzwa. Akajifuta macho.

"Niliogopa utakimbia. Wawili walikimbia kabla yako. Walidhani unaambukiza."

"Unaambukiza?" nikamuuliza Zuhura.

"Hauambukizi hata kidogo!"

"Basi madam, nikimbie niende wapi, na ikama yangu iko mkobani mwako?"

Madam aliangua kicheko, Zuhura naye akicheka, mpaka Lina akafungua jicho moja kutaka kujua kuna nini. Siku ya tatu tulimrudisha nyumbani. Tangu hapo madam aliniambia kila kitu: chupa ya maji popote aendapo, soksi hata kiangazi, na maji ya kuoga nipime kwa kiwiko. Nilifanya hivyo miaka sita. Alipougua tena, maana aliugua, hatukutafutana lawama. Tulitafuta blanketi.

Sasa nimestaafu. Kupiga deki utajifunza kwa wiki moja. Kilicho kigumu ni kusema "ni mimi" mbele ya mtu anayeweza kukufukuza, nami nilikisema mara moja tu.

Majina yote haya nayakumbuka sawasawa. Siku ndizo hunipotea: pengine Lina alilala hospitali siku nne, si tatu. Kama ulikuwepo, niambie nirekebishe. Ila maji yale niliyafungua mimi, hapo usinitetee.