Mluzi wa Sponji

Walimwita Sponji kwa sababu alishona makochi, na kwa sababu marehemu mkewe alizoea kusema kwamba mume wake ukimkandamiza anabonyea, ukimwachia anarudi alivyokuwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na mdomo uliozoea misumari midogo: sita kati ya meno, mmoja ukisukumwa nje kwa ulimi, nyundo ikiupokea. Mtu wa misumari mdomoni hasemi sana. Cha kusema alikuwa nacho, ila alikipeleka juu ya paa, kwa njiwa.

Walikuwa thelathini na mmoja, juu ya paa bapa, orofa mbili juu ya karakana yake. Kipenzi chao alikuwa jike la kijivu lenye doa jeupe juu ya jicho, aliyeitwa Bibi Harusi. Baba yake alikuwa ndege wa Sponji, na mama yake wa Mwokaji, mwenye tanuri la mikate mtaa wa tatu, rafiki yake tangu enzi za kaptura. Alianguliwa kwa Mwokaji, akakulia kwa Sponji.

"Huyu ndiye undugu wetu," Mwokaji alisema. "Sisi wenyewe ni maneno tu."

Wawili hao ndio walioanzisha kundi la simu la wafuga njiwa, likafika watu mia mbili. Kila mwanachama alikuwa na kadi yake humo: ramani ya paa lake, namba za pete za miguuni mwa ndege wake, na mluzi wake uliorekodiwa. Wazo la mluzi lilikuwa la Mwokaji. Ndege akishuka kwa mgeni akiwa amechoka, mgeni anatafuta kadi, anamchezea mluzi wa mwenyewe kwenye simu. Ndege anatulia, anashikika, anarudishwa. Mluzi wa Sponji ulikuwa miwili mirefu na mmoja mfupi. Kwa miaka sita, ndege kumi na tisa walimrudia kwa mluzi huo.

Kisha zikaja kampeni, chama cha Ndoo na chama cha Ufunguo. Mtu akaweka kundini picha ya njiwa aliyevishwa utepe wa Ndoo shingoni.

"Debe tupu haliachi kuvuma, seuze ndoo," akajibiwa.

"Na huo ufunguo wenu ni wa mwizi."

"Mama yako ndiye aliyemfungulia."

Hakuna aliyekumbuka kwamba asubuhi ile fundi rangi mmoja aliuliza dawa ya makinda wanaoharisha. Walikufa wote wanne. Alipoandika hivyo, aliambiwa, "Kura nne zimepungua."

Sponji, msimamizi wa kundi, alitema misumari yake akaandika: "Jamani, vita vya panzi, furaha ya kunguru. Turudi kwa njiwa."

"Panzi nani hapa?" pande zote mbili ziliuliza, na hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana.

Siku ya tatu Mwokaji, mtu wa Ndoo wa kufa na kupona, aliandika kwamba watu wa Ufunguo wanyongwe kama njiwa mgonjwa: kidole gumba nyuma ya shingo, mvuto mmoja, kwisha. Sponji aliyasoma maneno hayo mara mbili, akayafuta. Hakuona kwamba juu yake mtu wa Ufunguo alikuwa ameandika kwamba watu wa Ndoo wachomwe wakiwa hai. Hayo ya kuchomwa yakabaki siku nzima.

Mwokaji akapiga simu. "Kwa hiyo wewe ni Ufunguo."

"Mimi ni Sponji. Umeandika watu wanyongwe, ndugu yangu."

"Na aliyeandika tuchomwe, mbona umemwachia?"

"Sikumwona, wallahi. Nilikuwa na kochi la watu watatu mikononi."

"Miaka hamsini unaona, leo ndiyo umepofuka!" Simu ikakatika.

Kabla ya jua kutua, kadi ya Sponji ilikuwa ikizunguka katika makundi ya Ndoo, na ramani, na pete, na mluzi. Juu yake iliandikwa: "Huyu ndiye anayefuta sauti zetu. Mpelekeeni salamu." Aliyeirusha hakujulikana. Salamu zikaanza kuja. Mmoja alituma picha ya panga limelazwa juu ya nafaka.

Sponji aliwapakia ndege wote katika makapu manne, akawapeleka kwa dada yake mkubwa, ng'ambo ya pili ya mji.

"Dada, usiwafungulie hata wakilia. Njiwa hajui kuhama. Ukiwafungulia tu, wanarudi kwangu."

"Wewe mwenyewe nilikubeba mgongoni," dada akasema. "Vijinjiwa vinishinde?"

Jumamosi, saa nne asubuhi, wanaume watatu waliingia karakana bila hodi. Mmoja alikuwa na fulana ya Ndoo, mmoja na sepetu, wa tatu alitafuna muwa. Walimpandisha Sponji mpaka juu ya paa, wakakuta banda tupu.

"Wako wapi, mzee?"

"Nimewauza."

Mwenye muwa alicheka. Walimlaza mkono wa kulia juu ya ukingo wa paa, na yule wa fulana akaupiga kwa nyundo ya Sponji mwenyewe, ile ndogo ya misumari. Alipiga kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama anayemalizia kazi ya mteja. Katika kidole cha tatu simu ya Sponji ililia mfukoni. Mwenye sepetu akaipokea, akaiweka kwenye spika.

"Mdogo wangu," dada alisema, "usinikasirikie. Walikuwa wamesongamana, nikawafungulia wapumue kidogo. Wamefika huko?"

Walikuwa wamefika. Kundi zima lilikuwa likizunguka juu ya paa, vivuli vikipita kwenye saruji. Lakini hawakushuka, maana waliona watu wageni. Sponji akajaza kifua apige kelele za kuwafukuza. Wakamsokomeza mdomoni kipande cha sponji kilichokuwa kimeziba tundu la banda. Bado njiwa walizunguka, juu kidogo, juu zaidi, na kwa pumzi chache alidhani wameokoka.

Ndipo yule wa muwa akatoa simu, akatafuta kadi, akaiinua juu. Miwili mirefu, mmoja mfupi.

Walishuka. Walishuka kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, wakatembea hadi miguuni mwa wale wanaume wakitafuta nafaka. Sepetu ilianza kazi. Wengine walinyongwa kwa kidole gumba nyuma ya shingo, sawasawa na ilivyoandikwa. Aliyeruka aliitwa tena kwa mluzi, naye akarudi. Sponji alihesabu kwa macho, kwa kuwa hakuwa na sauti. Thelathini. Bibi Harusi alidakwa mkia. Ukang'oka wote mkononi mwa yule wa fulana, naye akaponyoka, akaenda akiyumba.

Kesho yake adhuhuri Mwokaji alisimama mlangoni pa karakana na kreti la mikate lililofunikwa kwa kitambaa. Sponji alikuwa juu ya kigoda, mkono wa kulia umefungwa kama mtoto mchanga, nyundo katika wa kushoto, akijaribu kujifunza upya.

"Alishuka kwangu, alikoanguliwa," Mwokaji alisema. "Nimekuletea. Kanuni ni kanuni."

Sponji aligonga msumari, ukapinda.

"Ni mimi niliyeirusha kadi. Nilidhani watakuja kukutukana tu. Nilikuwa na hasira, bwana, wewe unanijua—"

Nyundo ilimpata mdomoni. Meno mawili yalidondoka juu ya vipande vya kitambaa. Sponji alimpiga tena, begani, kisha shingoni, kwa mkono usiozoea, akilenga vibaya, akilia kama mnyama. Na Mwokaji hakujikinga. Alipoanguka, kreti lilipinduka. Jike lisilo na mkia likapita katikati yao, likatoka mlangoni, likapanda.

Wote wawili wakatazama juu. Mazoea ya miaka hamsini hayaulizi. Sponji akatoka barabarani, na Mwokaji akatambaa mpaka kizingitini, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Anazunguka," Mwokaji alisema kwa midomo iliyopasuka. "Anakutafuta. Mpigie mluzi."

Sponji akaangusha nyundo, akakaza midomo. Miwili mirefu, mmoja mfupi.

Bibi Harusi alikata mzunguko wake kana kwamba amepigwa jiwe. Akapiga mbawa kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akielekea mbali na paa, mbali na mtaa. Sponji akapiga tena, kwa sauti kubwa zaidi, na tena.

"Nyamaza," Mwokaji alimwambia kutoka chini. "Nyamaza, ndugu yangu. Unamfukuza."