Tarehe ya Kuokoka kwa Shangazi

“Aliokoka lini?”

Mchungaji aliniuliza hivyo akiwa ameshika karatasi niliyomwandikia. Ilikuwa siku ya tatu tangu shangazi afariki. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa mama, Mkenya kama sisi, na aliishi mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Barking, London. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake usomwe mazishini. Niliandika kuhusu nywele.

Shangazi alihudumia wazee katika makao ya wazee. Siku zake za mapumziko alikwenda mochwari kuwasuka wanawake wetu waliokufa, kabla jeneza halijafungwa na kupelekwa uwanja wa ndege. Wahudumu wa pale hawakuzijua nywele zetu. Bila yeye, mama wa marehemu angefungua jeneza huko nyumbani asimtambue mwanawe. Alibeba chanuo, mafuta ya nazi na uzi, akasuka mistari iliyonyooka. “Hawa ndio wateja wazuri,” aliwahi kuniambia. “Hawalii ukiwavuta, na hakuna anayeinama kutazama simu.”

Katika ushirika wetu, uliokutana kwenye ukumbi wa shule, kuokoka kulikuwa na tarehe. Ukisimama kushuhudia unataja kwanza siku uliyompokea Yesu, ndipo unaendelea. Wanawake wenye tarehe walivaa vitambaa vyeupe kichwani. Mmoja wao akifa, wenzake walimsindikiza wakiwa wamevivaa, na Mchungaji akaongoza ibada. Shangazi akiulizwa alisema, “Sijui,” akaketi. Aliketi safu ya nyuma na mama, ambaye naye hakuwa na kitambaa.

“Sijui aliokoka lini,” nilimwambia Mchungaji. “Lakini najua alichofanya.”

“Matendo hayaokoi, binti yangu.”

“Sijasema yamemwokoa. Nasema mmeyatumia.”

Sebule yetu ilikuwa imejaa wanawake wa ushirika. Mmoja wao, ambaye dada yake alisukwa na shangazi mwaka uliotangulia, alicheka kidogo. “Msomi ameanza.”

“Yule mwizi pale msalabani,” nikauliza, “alikuwa na tarehe?”

“Alikuwa nayo,” Mchungaji akasema bila kupandisha sauti. “Ijumaa.”

Wakacheka wote. Hata leo nakiri kwamba lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wanahubiri kwamba wokovu ni zawadi, kwamba hakuna anayeustahili, kisha wanakaa mlangoni na daftari. Kama matendo si kitu, kutaja tarehe mbele ya watu ni nini? Si tendo hilo? Tena ni tendo jepesi kuliko kusimama kwa saa tatu kwenye chumba cha baridi ukimsuka mtu asiyeweza kukushukuru.

Nilimgeukia mama. “Mama, wewe ulimjua kuliko sisi sote. Sema kitu.”

Mama alikuwa akimimina chai. Hakuinua macho. “Kunyweni kabla haijapoa,” akasema.

Ikaamuliwa: hakuna ibada ya ushirika, hakuna vitambaa. Sikuzungumza na mama siku mbili. Siku ya tatu nilimfuata mochwari, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumsuka shangazi. Mama hakuwa fundi. Mistari ilikwenda kombo upande wa kushoto, akafumua, akaanza upya, nami nikishika chanuo.

Wanawake walikuja makaburini, vichwa vitupu, wakasimama mbali kidogo kama watu wanaosubiri basi. Wasifu niliusoma mimi. Kwenye nakala zilizogawiwa niliandika “Aliokoka tarehe”, nikaacha nukta nyingi. Baadhi walidhani mashine ilikosea kuchapa.

Nilihama ushirika na baadaye nikahama imani. Lakini kimya cha mama sikukisamehe mpaka juzi, miaka saba baadaye, aliponiambia mwenyewe tukikunja nguo. Shangazi alikuwa na tarehe. Aliokoka Jumapili ya Pasaka akiwa darasa la saba, na alipofika London alikuwa akiitaja kila wiki, kitambaa kichwani. Halafu siku moja, miaka mingi kabla Mchungaji huyu na wanawake wale hawajajiunga, mjane mgeni alisimama ukumbini, akasema alibatizwa akiwa mtoto mchanga na tangu hapo hajawahi kutoka kanisani, hivyo hajui siku aliyoingia. Ukumbi ukamcheka. Shangazi akavua kitambaa, akaenda kuketi naye safu ya nyuma, na akamwapisha asije akaitaja tarehe ile kwa mtu yeyote wa ushirika, hata yeye shangazi akifa.

Mjane huyo alikuwa mama yangu.